Kirimba cha Vitambi

Muyinga, 14 Aprili 2025

Husni,

Mwanaume mwenye mke na ndevu hapandi juu ya mizani ya maharage. Maharage yanapimwa kwa sababu yanauzwa. Wewe nani anakununua?

Baada ya hilo, asalaam alaykum, mume wangu. Huku tu wazima. Shangazi yako Fatouma goti limepoa, sasa analalamikia bega. Upepo uling'oa bati moja la jikoni, nimelirudisha mwenyewe na jiwe juu yake, kwa hiyo usinitumie fundi. Asubuhi nauza chai na mandazi hapa mlangoni kama siku zote, sukari ikipatikana, na siku hizi haipatikani. Mke mwenzangu Latifa msalimie sana. Mwambie gauni lililokuja nimelipata, kitambaa ni kizuri, ila limekatwa na mtu mwenye haraka, na mtu huyo namjua ni mjukuu wangu.

Sasa. Ketsia amefika Jumamosi na vitenge vyake. Huyu Mkongomani nampenda kwa sababu hajui kufunga mdomo. Tangu aanze kututembezea barua kati ya Gitega na Muyinga sijakosa habari zenu hata za paka. Ameniambia kila Ijumaa baada ya swala, nyinyi wanaume kumi mnakwenda depo ya maharage ya Namegabe, mnavua viatu, mnapanda mizani mmoja mmoja, na wanawake wa sokoni wanasimama kuangalia. Anasema mmeanzisha kirimba. Mi kirimba nakijua. Watu wanaweka pamoja, leo anachukua huyu, kesho yule. Nyinyi mnaweka nini pamoja, matumbo?

Na hiki kikopo ulichonitumia. Umeandika kwenye kikaratasi kwamba ni sukari ya vidonge, viwili ni kama kijiko, na kwamba havinenepeshi. Nani alikuambia nataka kukonda? Mwili huu niliurudisha kutoka ukimbizini ukiwa mifupa na ngozi, nikaujenga andazi kwa andazi, leo uniletee dawa ya kuubomoa? Nimeweka kidonge kimoja ulimini. Tamu, ndiyo. Halafu ikabaki ladha kama nimelamba ufunguo.

Vyote nimewapa kuku.

La mwisho. Nilipomuuliza Ketsia kama cherehani ya babu yako inashona vizuri, alikumbuka ghafla kwamba ana mzigo haujafungwa. Chai yake hakuimaliza. Ketsia, kuacha chai. Andika unieleze. Usinipigie simu, simu yako hukatika kila unapoanza kudanganya. Kwenye karatasi uongo unakaa, naweza kuurudia asubuhi nikiwa na miwani.

Bibi yako,
Kadidja


Gitega, 25 Aprili 2025

Bibi yangu Kadidja,

Waalaykum salaam, na heshima zote. Huku sote salama. Latifa anakusalimu, anasema yeye hajakasirika kuitwa mke mwenza, ila anauliza zamu yako ya kunifulia nguo ni lini. Paka amezaa. Barua yako ilifika nikiwa nakula, nikaacha kula, kwa hiyo tayari imenisaidia.

Bibi, usicheke. Mambo yalianza na kitambi. Ramadhani ilipoisha nilikaa kwenye cherehani nikakuta kitambi kimefika mezani kabla yangu. Mikono haifiki kwenye sindano. Nikawa nashona nimekaa upande, kama mtu anayechungulia kwa jirani, na suruali ya mwalimu mmoja ikatoka mguu wa kushoto unaelekea Bujumbura. Wenye baiskeli za abiria wakiniona nakuja wanainama wote kutengeneza mnyororo.

Namegabe, yule mtu wa Kivu mwenye depo ya maharage, naye ana kitambi, ndiye akaleta wazo. Alisema, "Kirimba cha pesa kinasaidia watu kuongeza. Sisi tufanye cha kupunguza." Tukaona ana akili. Tuko kumi, tuna prezida, tuna sheria. Kila Ijumaa tunapima. Akikutwa mtu ameongezeka, adhabu yake ni kuwapikia wenzake wote Ijumaa inayofuata. Ni adhabu kali, Bibi, tunaiogopa sana.

Vidonge pia tunanunua kwa Namegabe. Ni rejimu ya kisasa, ulaji wa kupunguza mwili. Mi niko nakunywa chai vikombe vitatu kila siku, kila kimoja vidonge vinne. Sasa hesabu mwenyewe sukari niliyoiokoa. Akiba kama hiyo si ya kuacha ipotee, kwa hiyo naitumia kwenye chapati. Tatu tu. Jioni njaa ikija na nguvu najua ni dawa inafanya kazi.

Mpaka leo nimeongezeka kidogo. Lakini mizani ilikuwa na vumbi la maharage.

Kuhusu cherehani: ipo.

Mjukuu wako mtiifu,
Husni


Muyinga, 5 Mei 2025

Mume wangu, mjinga wangu,

Salaam. Barua yako imekawia kwa sababu basi lilikosa mafuta, Ketsia akalala njiani juu ya vitenge vyake. Shangazi Fatouma bega limepona, sasa ni sikio. Binti wa jirani ameolewa Butihinda, tumekula pilau, nyama ilikuwa chache na maneno mengi.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikidhani mimi ndiye sijui kusoma. Anayenenepa anaadhibiwa kwa kuwapikia wengine ili nao wanenepe. Sheria hiyo mlitungiwa na mbuzi? Na wote kumi wakiongezeka siku moja, nani anapika na nani anakula? Na hukuona kwamba mwenye mizani ndiye mwenye vidonge, na mwenye vidonge ndiye mwenye maharage mnayokwenda kununua kwa ajili ya adhabu? Namegabe hajaanzisha kirimba, ameanzisha shamba, na nyinyi ndio mnaolimwa.

Nilikwenda kwa muuguzi Dominiko kwa ajili ya mguu wangu, si kwa ajili yako. Nikamtajia vidonge hivyo kwa kupita. Akasema si sumu. Akasema mtu akiondoa sukari akaweka hivyo, na asiongeze kitu kingine chochote, anaweza kupungua kidogo. "Shida, Mama," akasema, "watu wanajilipa. Anaokoa kijiko, anakula sahani. Na wengine ule utamu unawaamshia hamu, wengine hapana. Wasomi wenyewe bado wanabishana."

"Mi sibishani," nikamwambia. "Nina kuku."

Kwa sababu hao kuku niliowapa vidonge wamenishangaza. Zamani walikuwa wanakula andazi moja, wanakunywa kikombe, wanakwenda kazini. Sasa wanamaliza kikombe wanabaki wamekaa, wanaangalia beseni. Kuku mmoja, yule fundi wa pikipiki wa hapo kona, jana alikula matano. Akaniambia, "Mama Kadidja, sijui nina nini. Tumbo linaniambia bado hatujaanza." Nikamwelewa. Mdomo ulilitumia tumbo habari kwamba kuna arusi. Tumbo likavaa, likajipaka mafuta, likafika, likakuta uwanja mtupu. Litarudi nyumbani na njaa yake? Litaingia kwa jirani.

Basi chapati zako tatu hizo ni jirani.

Kuku wamemaliza kikopo. Tuma viwili.

Na "ipo" si jibu. Hata marehemu babu yako yupo, yupo kaburini. Cherehani iko wapi, na inalala na nani?

Kadidja


Gitega, 14 Mei 2025

Bibi,

Salaam nyingi. Latifa mzima. Paka wadogo wamefungua macho. Nakutumia vikopo viwili vya kuku.

Lile uliloliuliza, la wote kumi kuongezeka siku moja, lilitokea Ijumaa ya juzi. Tulipika wote. Kila mtu alileta sufuria yake. Kilikuwa chakula kizuri sana na tulikila kwa huzuni.

Bibi, kaa chini kabla hujaendelea.

Cherehani ipo kwa Namegabe, imefunikwa gunia, nyuma ya maharage mekundu. Tulipoanza kirimba kila mtu aliweka rehani, kitu chake cha kazi, ili asifanye mchezo. Zuberi mchinjaji aliweka kisu chake kikubwa na gogo. Namegabe mwenyewe aliweka mizani, ingawa kwa kweli haikuondoka pale ilipokuwa. Mchana tunaruhusiwa kwenda kuvitumia vitu vyetu palepale depo, kwa hiyo mi nashonea kwenye maharage. Ndiyo maana gauni lako lilikatwa na haraka, depo inafungwa mapema.

Sheria ni hii. Ijumaa ya tarehe thelathini, kabla ya Idd ya kuchinja, tunapima mara ya mwisho. Atakayekuwa ameongezeka kuwashinda wenzake wote tangu siku ya kwanza, rehani yake inauzwa, ananunuliwa mbuzi, tunamla siku ya Idd.

Mpaka Ijumaa iliyopita mimi ndiye wa mwisho. Nimeongeza kilo sita. Nimejaribu kila kitu, Bibi. Nimeongeza vidonge, nikafika sita kwa kikombe. Nikasali. Nikanyoa ndevu kabla ya kupima.

Wenzangu wananiliwaza. Hata Uthmani. Huyu humjui, anakaa njia ya Mutaho, analeta kabichi mjini kwa baiskeli, na watoto sita. Mwembamba kama mpini wa jembe, siku hizi tunamruka kwenye mizani, tunaona hana cha kupimwa. Tulipomuuliza anataka nini kwenye kirimba cha vitambi, alisema anapenda kukaa na watu. Aliweka rehani baiskeli yake, ila siku za soko anaruhusiwa kuitoa. Sisi wote tunajua alikuja kwa ajili ya zile sufuria za Ijumaa, lakini hakuna anayesema.

Nisamehe. Cherehani ikiuzwa sina kazi nyingine ninayoijua.

Husni


Muyinga, 20 Mei 2025

Husni,

Sikusalimu wewe. Namsalimu Latifa, na paka.

Cherehani hiyo babu yako aliipata Ngara, kambini, kwa kushona sare za watoto wa wenyewe wakati wetu walikuwa hawana shati. Siku tuliporudi, lori lilitushusha Butihinda na kila mtu akabeba alichokuwa nacho. Babu yako Hamadi alibeba meza yake ya chuma. Mimi nilibeba kichwa cha cherehani juu ya kichwa changu, na wewe mgongoni, na hata wakati ule ulikuwa mzito. Mvua ilikuwa inanyesha. Wewe nilikuacha unyeshewe, cherehani niliifunika. Sijawahi kujuta, na leo ndiyo naona hasa kwamba nilifunika cha maana.

Na wewe umeiweka rehani kwa ajili ya mbuzi. Mbuzi wa kuliwa na watu waliokutana ili wasile.

Nimelia kidogo, nimekanda unga, nimefikiri. Sikiliza vizuri maana sitarudia. Sheria yenu haisemi lazima upungue. Inasema usiwe wa mwisho. Wewe kupungua kwa siku zilizobaki huwezi, nimekulea, nakujua. Basi wao waongezeke.

Ketsia anakuletea kikapu. Ndani kuna mandazi ya iliki, vitumbua, na visheti chini kabisa vimefungwa peke yake. Ijumaa usingoje chakula cha adhabu. Wakusanye mapema, sema Bibi yako wa Muyinga ametoa sadaka. Usianze na kikapu. Anza na chai. Vikombe viwili kila mtu, tangawizi nyingi, na vidonge usivihurumie. Waache wakae. Waongee mambo ya mpira. Utaona mmoja ameanza kuangalia mlango, mwingine anajikuna tumbo. Hapo ndipo ufungue. Nimelijaribu hili kwa kuku wangu kila asubuhi na halijanishinda hata mara moja.

Wewe hutagusa hata kimoja. Chai yako iwe chungu, si sukari, si kidonge. Mdomo wako umedanganywa sana, sasa ukae kimya ujifunze adabu. Chapati moja asubuhi, maharage na mboga mchana, usiku kidogo. Na ukasirike ukitaka, hasira hazinenepeshi.

Usimwambie Latifa, atawahurumia.

Bibi


Gitega, 26 Mei 2025

Bibi yangu,

Salaam kutoka kwetu sote. Latifa amejua. Alinusa visheti. Ananitazama kama mtu anayetazama sinema.

Nilifanya ulivyosema. Vikombe viwili, tangawizi, vidonge vitano vitano. Wakaongea mpira. Zuberi mchinjaji ndiye alianza, akasema, "Jamani, hii chai inanifungua kifua." Namegabe akasema si kifua, ni chini kidogo. Nikafungua kikapu.

Bibi, nimeona watu wakila. Hao hawakula, walihamia. Faridi, ambaye ni prezida wetu na siku zote anatuhubiria rejimu, aliweka vitumbua viwili mfuko wa shati na kimoja kikapasuka. Namegabe mdomo umejaa akaniuliza, "Na we hauli?" Nikasema nimeshiba. Wote wakageuka kuniangalia. Hawajawahi kunisikia nikitumia neno hilo. Zuberi akauliza kama kuna msiba kwetu.

Kesho yake walikuja wenyewe nyumbani, sijui wanaomba mkasi, sijui wanaomba uzi, macho yote kwenye kikapu. Mandazi yako sasa yanajulikana mjini. Namegabe ameninong'oneza kwamba chai peke yake haimshuki tena, vidonge vinamwita mandazi kwa jina.

Mimi chai chungu ilinitesa. Siku za mwanzo nilikasirika na kikombe chenyewe. Niliota keki yenye ngazi, napanda. Nikamgombeza mteja kwa sababu jina lake lilinikumbusha halua, nalo halifanani hata kidogo. Halafu siku moja, sijui ilikuwaje, hasira ikaenda. Chai ikawa chai tu. Jana nilikula ndizi mbivu nikaisikia tamu mpaka nikaigeuza kuangalia kama mtu amepaka kitu. Na jioni ile njaa yenye nguvu haikuja. Ilikuja ndogo, ikakaa, ikala maharage, ikalala. Mkanda umerudi tundu moja.

Uthmani anakula vizuri sana. Tunampa na ya watoto, anafunga kwenye kitambaa, anafunga mafundo mawili.

Bado nina wasiwasi. Faridi kabeba mwili kidogo tu. Zimebaki siku chache.

Husni


Muyinga, 28 Mei 2025

Ketsia anangoja mlangoni, sina muda wa salaam.

Kikapu cha pili hiki. Faridi mpe kutoka chini, vya chini vimekunywa mafuta zaidi. Huyo mwembamba wa kabichi mwongezee, anatia huruma, na mtu kama huyo hawezi kukudhuru.

Chai chungu usiache.

K.


Gitega, 31 Mei 2025

Bibi,

Asalaam alaykum. Tu wazima. Cherehani imerudi nyumbani. Iko mbele yangu sasa hivi, nimeifuta, na kitambi kimenipa nafasi ya kufikia sindano, si kubwa lakini inatosha. Ungetakiwa kufurahi, na mimi nilitakiwa kufurahi, ndiyo maana nakuandikia nisiyoyaelewa.

Jana tulipima mbele ya watu. Nilikuwa nimeshusha, nikabaki na kilo nne juu ya zile za siku ya kwanza. Zuberi saba. Namegabe saba na nusu, akaigonga mizani yake kwa ngumi akasema imeharibika, tukamwambia ni yako. Faridi sita. Wote walikuwa wanacheka, kila mtu anajua si yeye peke yake. Wa mwisho kupanda alikuwa Uthmani, alikuwa amechelewa anafunga kabichi.

Alipanda na kofia yake mkononi. Namegabe akasoma, akasoma tena, akainama.

"Siku ya kwanza ulikuwa hamsini na mbili," akasema. "Sasa sitini na moja."

Watu wakapiga makofi, Bibi. Kwa sababu ukweli ni kwamba amependeza. Mashavu yametoka, shingo imekuwa ya mtu. Mkewe alikuwa amekuja na mtoto mgongoni, akamwangalia pale juu ya mizani akasema, "Huyu sasa ni mwanaume wa kuonyesha." Na watoto wake nao, nimewaona, wana rangi. Uthmani akacheka, akashuka, akaanza kuvaa viatu.

Halafu akaona hakuna anayecheka tena. Akahesabu. Ni mtu wa sokoni, hesabu haimchukui muda. Akaangalia baiskeli kule nyuma ya magunia.

"Ni mimi?" akauliza.

Faridi akasema sheria ni sheria, lakini aliisema akiangalia chini. Uthmani hakubisha. Alisema, "Nilikula kweli," kama mtu anayetoa ushahidi. Akaufungua kwenye baiskeli ule mpira wa kufungia mizigo, akasema mpira si wa rehani, akaukunja akautia mfukoni. Wakaondoka kwa miguu na mkewe. Kabichi zilibaki hapo hapo.

Mimi nilinyamaza, Bibi. Cherehani ilikuwa tayari mikononi mwangu na niliogopa nikifungua mdomo waichukue. Latifa hasemi nami tangu jana. Baiskeli itauzwa Jumatano na mbuzi atanunuliwa Alhamisi. Namegabe ameuliza kama utaleta visheti siku ya Idd.

Husni


Muyinga, 2 Juni 2025

Husni,

Salaam kwa Latifa, na mwambie ana haki. Fatouma sikio limezibuka, anasikia hata asiyoambiwa. Mandazi ya leo yamebaki nusu beseni. Sukari ya kweli imepatikana kwa jirani, nimeiweka kwenye chai, na kuku wamekula moja moja wakaenda zao.

Barua yangu fupi ya tarehe ishirini na nane, ile ya haraka, ichome. Usiisome tena, choma.

Sasa ngoja nikueleze kirimba chenu kilivyo. Watu tisa mlitafuta njia ya kupungua hamkupungua. Mmoja alitafuta chakula akakipata. Kati ya kumi ni yeye peke yake aliyefanya alilokuja kufanya, na huyo ndiye mmemnyang'anya miguu. Baiskeli ya mtu wa kabichi si chuma, ni chakula cha watoto sita. Wakirudi kuwa wembamba mwezi ujao mtawapima tena mpige makofi?

Barua hii nampa dereva wa basi ikuwahi, maana Jumatano baiskeli haiuzwi. Ukimaliza kusoma hapa, simama, nenda depo, kabla hujavua hata kofia. Wakusanye wote tisa, ukiwemo wewe. Waambie maneno haya ni yangu. Mbuzi wa Idd ninaye. Ni yule beberu wangu anayekula kanga kwenye kamba, nimechoka naye, nilikuwa natafuta pa kumtupa. Anakuja na Ketsia Alhamisi kwenye basi, na Ketsia ameshaanza kulia, usimjali. Mchinjieni huko, na paja la kwanza liende njia ya Mutaho.

Faridi akikuambia sheria, mwambie sheria iliyotungwa na mbuzi inafutwa na mbuzi.

Namegabe akikataa, usigombane naye. Mwambie tu kwamba kikapu kimesimama. Hakuna andazi, hakuna kitumbua, na visheti asahau, mpaka baiskeli iwe mbele ya mlango wa Uthmani. Mpe chai yenye vidonge vitano halafu umwache akae nayo peke yake. Kabla ya magharibi atakuwa ameifuta vumbi mwenyewe.

Kirimba kivunjeni. Anayetaka kupungua aende kwa Dominiko wa kwao, apunguze sahani, anywe chai chungu, na amtazame mke wake badala ya mizani. Vikopo vya vidonge vilivyobaki usinitumie. Kuku hawavitaki tena.

Baiskeli utaipeleka wewe. Si Latifa, si mtu wa kukodi. Toka baada ya alfajiri, weka juu yake kabichi zilizobaki zile ambazo hazijaoza, na kilo za unga nitakazompa Ketsia. Usiipande, ni ya watu na bado ni mzito. Isukume, milima yote, mpaka mlangoni kwake. Mbele ya mkewe useme wewe ndiye uliyenyamaza.

Watakukaribisha chakula, ni watu wenye adabu. Usikatae. Kula matonge mawili ya heshima, shukuru, nawa mikono, urudi kwa miguu.

Kadidja